Toniki ya Mama

Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu pale Kaloleni, na kwa miaka mingi adui yake mkubwa duniani alikuwa pombe. Shetani alikuja wa pili. Nilipokuwa bado shule ya msingi, aliwaongoza wenzake, wote wamejifunga leso kiunoni, wakaenda hadi kwa mama pima aliyekuwa akiuza chang'aa nyuma ya nyumba zetu. Waliyabeba madebe yake nje na kuyamwaga mtaroni. Mama pima alisimama mlangoni akitazama, kisha akamwambia Mama kwa upole, "Dada, ungeniacha angalau niuze ya leo." Mama akamwekea mkono kichwani, akamwombea. Yule mwanamke alihamia Makongeni, na nasikia biashara ilimwendea vizuri sana huko.

Baba hakuwa mlevi. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikianza kusimulia habari hii watu humtafuta Baba kwanza. Alikuwa karani wa reli. Alikunywa chai, na asipopata chai alikunywa maji ya moto, na mwishowe figo zikamuua. Tulimzika nyumbani, magharibi mwa Kenya, na Mama akarudi Nairobi kwenye nyumba ileile ya vyumba viwili, kwenye kanisa lilelile. Kampuni ya uchapaji niliyokuwa nikifanyia kazi ilipofungwa, mimi pia nikarudi kuishi pale. Nilitandika godoro sebuleni, nikaweka kompyuta mezani, nikawa natengeneza kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Vya mazishi vilikuwa vingi zaidi.

Mama alikuwa na presha. Kila mtu wa umri wake mtaani kwetu alikuwa nayo, na waliizungumzia kama watu wanaozungumzia mtoto mtundu waliyemzaa wenyewe. Ila ya Mama ilikataa kushuka. Kliniki walimpa kidonge, wakamwongezea cha pili, wakabadilisha cha kwanza. Alivimeza vyote bila kukosa, mbele yangu, akifungua mdomo baadaye ili nione. Presha haikujali.

Ndipo akaniomba niende naye. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechoka, na muuguzi mpya, alisema, alikuwa anaongea taratibu sana kiasi kwamba mtu anasahau mwanzo wa sentensi.

Muuguzi huyo alikuwa mwanamume kijana, mdogo kwangu, mwenye uso usioonyesha habari yoyote. Wagonjwa walimwita daktari, kama wanavyomwita kila mtu mwenye koti jeupe, naye alikuwa ameacha kuwarekebisha. Alimpima Mama presha, akaandika, akampima tena mkono wa pili, akaandika.

"Mama," akasema, "kuna maswali tunamuuliza kila anayekuja hapa. Mwenye kikohozi, mwenye jeraha, mwenye mimba. Ni ya pombe na sigara. Niulize?"

"Uliza, lakini unapoteza wakati wako. Mimi ni mama wa kanisa."

"Hata mapasta tunawauliza."

"Wanasemaje?"

"Siwezi kukuambia."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata uhakika wa jambo alilolishuku kwa muda mrefu.

Sigara, hapana. Bia, hapana. Chang'aa, hapana, na hapo akasimulia habari ya madebe na mtaro tangu mwanzo hadi mwisho. Foleni ilikuwa imefika nje ya lango, lakini yule kijana alisikiliza yote. Kisha akauliza, kwa sauti ileile, "Na divai? Toniki? Zile dawa za chupa, za mitishamba?"

Mama akachangamka. Kwa miaka yote ile aliyokuwa akienda kliniki hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuuliza kuhusu dawa yake. "Toniki natumia," akasema. "Tena nzuri. Hii presha ingekuwa imeniua kama si hiyo."

"Unaitumia vipi?"

"Asubuhi kidogo, ya kutuliza mikono. Mchana baada ya chakula, kwa sababu ya gesi. Jioni, ya kifua. Halafu ya kulalia."

"Unapima na nini?"

"Zamani nilikuwa napima na kijiko."

"Na siku hizi?"

"Kijiko kinamwaga. Natumia kikombe."

Muuguzi hakuandika kitu. "Unaweza kuniletea hiyo chupa siku moja niione?"

"Siku moja ya nini?" Mama akafungua mkoba. Akatoa Biblia, akatoa kipochi cha miwani, akatoa chupa iliyofungwa ndani ya kitambaa cheupe kilichoshonwa maua pembeni. Ilikuwa chupa niliyoijua vizuri, yenye picha ya jani la kijani na mizizi. Ilikaa kwenye kabati letu karibu na majani ya chai. Mimi mwenyewe nilishatumwa kuinunua mara nyingi, na nilikuwa naipanga kwenye kikapu pamoja na sabuni bila kuwaza lolote. Muuguzi aliigeuza, akasoma, kisha akanipa mimi. "Msomee Mama."

Nikasoma jina. Nikasoma mizizi yote. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za ukubwa ule ninaoutumia kwenye vijitabu vya mazishi kuandika jina la mchapaji, paliandikwa kiasi cha pombe. Kilizidi cha bia mara kadhaa. Nikakisoma pia.

Mama akanitazama. "Hiyo wameandika lini?"

"Nadhani imekuwepo tangu mwanzo."

"Kwenye chupa zote?"

"Kwenye chupa zote, Mama."

Alichukua chupa, akavaa miwani, akaisoma mwenyewe kidole kikifuata mstari. Nje mtoto alikuwa analia baada ya kudungwa sindano. Nilimsubiri muuguzi acheke, kwa sababu mimi nilikuwa karibu, na ningemchukia sana kama angecheka. Hakucheka.

"Mama, naomba ruhusa nikueleze kitu. Ukikataa ni sawa."

"Sema."

"Dawa ninazokupa zinaisukuma presha chini. Hii inaisukuma juu. Ndiyo maana kila mwezi tunakutana hapa na hakuna kilichobadilika. Sikuiti mlevi. Hukujua, chupa haikukuambia kwa sauti ya kusikika. Lakini mwili wako haujui kwamba hukujua."

Mama alikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Ile ya asubuhi," akasema. "Ya mikono."

"Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Mikono ikitetemeka mpaka upate kidogo, ni kwamba mwili umeizoea. Ulianza lini?"

"Mzee alipoondoka."

"Ilikusaidia nini?"

Alivua miwani, akaifunga kipochini. "Usingizi," akasema. "Kitanda kile ni kikubwa."

Ukutani palikuwa na bango la vyandarua vya mbu. Nililisoma lote. Sikuwahi kuwaza kwamba upande wa pili wa ukuta wa sebule, pale nilipolala na kompyuta yangu, kulikuwa na kitanda kikubwa.

Muuguzi alitaka kumwandikia aende hospitali kubwa akaangaliwe. Mama akakataa kabisa. Aliijua wodi wanayolazwa walevi kule, alisema, alishaenda kuwaombea watu pale. Basi wakapatana hivi: angepunguza kidogo kidogo, mimi ndiye ningemmiminia, na mwanzoni mwa wiki angerudi. "Ila usiache ghafla," muuguzi akasema, na hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akiongeza sauti. "Unanisikia, Mama? Kwa mtu ambaye mwili umezoea, kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa. Kunaweza kuua. Mkiona jasho, mitetemeko mikubwa, maneno yasiyoeleweka, msije hapa. Nendeni hospitali moja kwa moja."

Mama akaitikia. Muuguzi akanigeukia. "Nawe, unakunywa?"

"Bia, Jumamosi. Wakati wa mpira."

Akaniuliza ngapi, na kama huwa nasahau yaliyotokea, na kama kuna mtu aliyewahi kulalamika. Nikajibu. Akasema ni sawa, ila niangalie isizidi hapo. Nilitoka nikijisikia mwanafunzi bora, hisia ambayo haikudumu mpaka langoni.

Njiani Mama alisimama kwa muuza mboga. Akachagua sukuma wiki, akaikataa, akachagua nyingine. "Pasta gani," akasema, "unafikiri anakunywa?"

Kesho yake, Jumamosi, nilienda Kayole kupeleka kadi za harusi. Niliporudi mchana nilimkuta jirani yetu barazani kwake. Alikuwa mjane wa dereva, mama kutoka Ukambani, na tangu nikiwa mtoto sijawahi kuiona mikono yake ikiwa haina kiondo anachosuka. Alikuwa msaidizi wa Mama kwenye kundi la akina mama, na rafiki yake.

"Mama yako amekuwa akimwaga dawa ya kifua mtaroni," akaniambia bila kuinua macho. "Amepona?"

Nilimkuta Mama amekaa kitini, amevaa nguo ya kanisani. Chupa tupu zilikuwa zimepangwa ukutani. Nyingine sikuwahi kujua zipo: zilitoka chini ya kitanda, kwenye pipa la unga, kwenye sanduku la suti za Baba.

"Daktari alisema upunguze, Mama."

"Sijawahi kupunguza dhambi maisha yangu yote. Dhambi unaacha."

"Hakusema ni dhambi."

"Yeye ni kijana."

Kliniki ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Nikamkumbusha habari ya kifafa, akasema Mungu hawezi kumwadhibu mtu kwa kutii. Basi nikaenda hadi supamaketi ya Jogoo Road, nikasimama mbele ya rafu, na nikafanya jambo ambalo sikulitarajia: nikamnunulia mama yangu pombe, kwa ajili ya afya yake. Nilipoiweka mezani alisimama.

"Unaniletea pombe nyumbani kwangu?"

"Ni ile toniki, Mama. Kidogo tu, ya kukuvusha mpaka Jumatatu."

"Nimeshasoma chupa," akasema. Akaichukua kwa mikono miwili, maana mmoja ulikuwa hautoshi tena kuishika, akatoka nayo mpaka mtaroni. Jirani aliacha kusuka akatazama.

Jumapili asubuhi hakuamka kwenda kanisani. Nilipogonga mlango akaniita kwa jina la Baba. Shuka lilikuwa limelowa jasho, mikono inaruka juu ya blanketi, na alitaka kujua ni nani aliyeruhusu mabehewa yaingie jikoni. Aliuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayetaka tu ofisi inayohusika ijulishwe. Nikamwita jirani. Alikuja na kiondo chake, akamwona Mama, akakiweka chini. Tulimvika gauni, tukamshika kila mtu upande wake, tukampakia kwenye teksi, na njia nzima Mama alimsihi dereva aangalie reli.

Hospitali walituuliza, "Anakunywa pombe?"

Jirani akajibu kabla yangu. "Huyu? Huyu ni mwenyekiti wetu."

"Anakunywa," nikasema. "Kila siku. Aliacha juzi, tulipotoka kliniki."

Daktari hakushangaa hata kidogo. Alisema tumefika wakati mzuri, akaagiza sindano na dripu, na Mama akapelekwa ndani. Jirani na mimi tukabaki kwenye benchi. Alikaa mkoba mapajani, akitazama mbele.

"Kumbe," akasema.

"Ni ile dawa yake ya kifua. Ni pombe. Hakujua."

Akafikiri. "Mimi alinipa ile," akasema. "Nilipokuwa na homa. Nililala vizuri sana." Baada ya muda akaongeza, "Nililala ajabu."

Mama alikaa wodini mpaka mikono ikatulia na mabehewa yakaondoka. Siku ya kwanza akili ilipomrudia vizuri alikuja daktari mwingine, na maswali yaleyale. Nilikuwepo. Alipofika kwenye pombe, Mama alijiinua kidogo kwenye mto.

"Nakunywa," akasema. "Ya chupa. Yenye majani." Kisha akalala chali na kufumba macho, na machozi yakamtoka bila sauti, yakielekea masikioni. Nikayafuta, nikianza na lile sikio zuri. Hakunizuia.

Kwa muuguzi wetu nilienda mwenyewe kumweleza. Nilidhani atamlaumu mtu, na nilikuwa nimejiandaa awe mimi. "Ningemng'ang'ania zaidi aende hospitali siku ileile," akasema, akiongea na meza yake zaidi kuliko mimi. Kisha akauliza kinachomngojea nyumbani. Nikasema chupa zimekwisha. "Sikuuliza chupa," akasema. "Nauliza usiku atakuwa na nani."

Nilirudi na swali hilo na sikujua la kulifanyia. Mtu hawezi kumwambia mama yake habari ya kitanda chake. Nilimwambia jirani, kwa kuzungukazunguka sana. Aliniacha nizunguke mpaka nikachoka. Kisha akasema watoto wake wameoa na kuolewa wote, nyumba yake ina mwangwi, na paa linavuja upande wa chumbani. Paa lake lilikuwa zima, nililiona kila siku.

Siku Mama alipotoka hospitali, jirani alikuja jioni na kiondo, blanketi na sufuria ya muthokoi, chakula cha kwao cha mahindi. Akamwambia Mama atalala pale mpaka mvua ziishe. Mama akatazama nje, jua lilikuwa linawaka. "Sawa," akasema.

Mwanzoni haikuwa rahisi. Mama alikuwa mkali, alilia kwa vitu vidogo, alisema chakula hakina ladha. Usiku hakulala, na kupitia ukutani niliwasikia wakiongea, sauti mbili za chini, kwa muda mrefu. Sikusikia maneno na sikujaribu. Jirani alimfundisha kusuka, kwa sababu mikono ilihitaji kazi, na Mama akasuka kiondo kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuona, kimepinda kama kimegongwa na lori. Anakibeba sokoni mpaka leo.

"Unalala?" muuguzi alimuuliza alipoanza tena kliniki.

"Anakoroma," Mama akasema. "Lakini ni mtu."

Kwenye mkutano wa akina mama alisimama akawaambia anajiuzulu, na kwa nini. Hakueleza sana. Aliwasomea maandishi ya chupa, mizizi yote kwanza, kama nilivyomsomea mimi. Jirani aliniambia kwamba wanawake kadhaa walikumbuka ghafla vitu walivyokuwa wakivitafuta ndani ya mikoba yao. Mmoja akauliza kama ni ile ya jani la kijani peke yake au hata ile ya jani jekundu. Kisha wakapigia kura kujiuzulu kwake, wakakataa. Mwenyekiti ndiye anayesimamia kamati ya mazishi, na hakuna mwingine aliyekuwa anaitaka kazi hiyo.

Mwaka uliofuata, tulipoenda magharibi kwenye mazishi ya shemeji yake, mtu alimpa kikombe cha kitu cha kumpasha joto, naye akakinywa, na cha pili. Aliniambia asubuhi yake, kabla sijauliza. Tuliporudi akamwambia muuguzi naye. Nilimwona amejikaza akisubiri hukumu. Kijana alimuuliza ilikuwaje, nani alikuwepo, na safari ijayo akipewa tena atasema nini.

"Nitasema ninakunywa dawa za presha."

"Ni kweli. Na ukishasema hivyo?"

"Nitaomba chai."

Akaandika tarehe ya kurudi, basi. Hakukuwa na jingine.

Presha imeshuka. Haijafika pale muuguzi anapopataka, lakini imeshuka, na kidonge kimoja wamekiondoa. Jirani bado analala kwetu, na mvua zimeisha mara nyingi. Nyumba yake amempangisha fundi wa viatu, ambaye hajalalamika kuhusu paa. Kliniki wanaendelea kumuuliza kila anayeingia, kuanzia wenye mafua hadi waliojikata vidole, na Mama wanamuuliza kila anapokwenda, naye hujibu. Mwezi uliopita yule kijana alimaliza ya pombe haraka, akaanza kumhoji kuhusu chumvi. Mama alitoka pale amekasirika kweli. Alisema mtu yule hatosheki, na omena zake, visamaki anavyovikaanga kwa chumvi, hatampa mtu yeyote nafasi ya kuziingilia.